Kuhamia Mji wa Kimya: Maswali Niulizwayo Kila Nikirudi Mombasa

Huu ni mwaka wangu wa nne Münster, mji wa magharibi ya Ujerumani, nikifanya kazi ya uuguzi. Kila nikija likizo, nyumbani kwetu Kibokoni watu hawakauki. Mchana waja kina mama na makhalati, kutaka kujua kama nakula. Baada ya alasiri waja mabinti wanaosoma Kijerumani hapa mjini, daftari kifuani, na vijana wawili watatu ambao hawaingii ndani, huuliza hapo hapo barazani. Maswali ni yale yale, nami kwa kuyarudia nimeanza kuruka vipande. Safari hii nimeyaandika. Mimi si wakala wala si mwanasheria; nasema niliyoyapitia na niliyoyahakikisha. Habari za pesa ziko karibu na mwisho, na ni fupi.

Münster ndio wapi? Mbona si Berlin?

Kwa sababu kazi niliipata Münster. Mji uko jimbo la Nordrhein-Westfalen, si mbali na mpaka wa Uholanzi, na watu wake ni laki tatu na kidogo, na wanafunzi wa chuo kikuu ni wengi. Ni mji wa zamani. Mwaka 1648 ndiko ulikotiwa saini sehemu ya mkataba uliomaliza Vita vya Miaka Thelathini, na wenyeji wanajivunia amani hiyo kama sisi tunavyowatembeza wageni Ngome ya Yesu. Wana na mambo yao ya kutisha pia: juu ya mnara wa kanisa la Lamberti kunaning'inia vizimba vitatu vya chuma, walimowekwa maiti wa viongozi wa uasi wa kidini waliouawa 1536. Maiti hawamo tena, vizimba vipo. Watu hupita chini yake wakila aiskrimu.

Wasema ni kimya. Kimya vipi?

Hili ndilo swali nililokuwa nikilijibu vibaya miaka yote, maana nilikuwa nikisema "kimya sana" na mtu akadhani namaanisha kama Nyali usiku. Siyo. Nyali usiku kuna mlinzi na redio yake, kuna mbwa, kuna tuktuk inarudi tupu.

Mimi nimelala maisha yangu yote karibu na dirisha lililofungukia kichochoro. Alfajiri adhana huanza msikiti mmoja, wa pili ukaudaka, wa tatu ukachelewa kidogo, hata ukashindwa kujua ni upi ulioanza. Kisha majembe ya takataka, kisha mikokoteni ya maji, kisha mtu anagombana na boda kuhusu shilingi hamsini. Usiku wangu wa kwanza Münster nililala chumba cha ghorofa ya tatu, dirisha la vioo viwili, nikazima taa. Nikasikia damu yangu masikioni. Naapa. Nikainuka nikafungua bomba la maji kidogo ili pawe na kitu kinachosema.

Asubuhi yake nikafahamu kwamba kimya kile hakikutokea tu, kimepangwa. Kina saa zake. Kuanzia saa nne usiku mpaka saa kumi na mbili asubuhi hutakiwi kumsikilizisha jirani chochote, na Jumapili kutwa vivyo hivyo: hakuna kutoboa ukuta, hakuna kukata majani kwa mashine, na nyumba nyingine hata chupa hutupi kwenye pipa la vioo kwa sababu ya mlio. Maduka hufungwa Jumapili. Supamaketi, nguo, viatu, yote.

Mimi niliyajua haya kwa karatasi ya mlangoni. Zamu yangu ya jioni ilikuwa imekwisha saa tatu usiku, nikafika nyumbani na njaa, na nikatoa kinu changu kidogo cha mti nilichokibeba kutoka Marikiti, nikatwanga kitunguu saumu na tangawizi. Ilikuwa saa nne na robo. Asubuhi nikakuta karatasi imebandikwa mlangoni, mwandiko mzuri kama wa mwalimu, ikiniomba kwa heshima zote nisifanye kazi za ufundi usiku. Walidhani nagongomea kabati.

Basi wanatuchukia?

Tenga vitu viwili. Kuna ubaguzi, na sitakuficha. Nilipokuwa natafuta nyumba, nilipiga simu asubuhi nikaambiwa ipo, nikataja jina langu, ikawa imekwisha kuchukuliwa. Rafiki yangu Mjerumani akapiga mchana, ikawa ipo tena. Kuna wagonjwa wachache waliokataa nisiwaguse. Hayo yaite kwa jina lake.

Lakini mtu kutokusalimu barabarani si chuki. Sisi salamu ni mlango mrefu: hujambo, habari za nyumbani, watoto hawajambo, mzee aendeleaje, na ndipo useme ulilojia. Wao salamu wameiwekea mahali pake. Barabarani hupiti ukimsalimia mtu usiyemjua, atadhani wamuomba kitu. Ukiingia chumba cha kusubiri daktari, hapo sasa lazima useme "Guten Tag" kwa wote waliokaa, hata kama hakuna anayeinua macho, na wote watajibu. Ukitoka waaga. Kwenye lifti ya nyumba yenu pia. Nilikaa miezi nikifanya kinyume, nasalimia njiani na nanyamaza kwa daktari, na pande zote mbili nikaonekana sina adabu.

Jirani waliokuandikia karatasi mlikuja mkapatana?

Ni bibi mmoja wa ghorofa ya pili, peke yake, mwalimu mstaafu (mwandiko ule!). Nilifanya kama mama alivyonifunza: nikapika mahamri, nikayapanga kwenye sahani, nikashuka kuomba radhi. Alishtuka, akapokea, akafunga mlango. Baada ya siku mbili sahani ilirudi imeoshwa inang'ara, na kadi ndogo ya ahsante. Tupu.

Kwetu sahani hairudi tupu. Utatia ndizi, utatia chembe za tende, ukiwa huna kitu utatia hata sukari. Nilipomsimulia mama kwa simu akanyamaza kidogo kisha akauliza, "Hata sukari hakutia?" Nikaona nimetukanwa, na kwa miezi kadhaa nikishuka ngazi nampita na "Tag" kavu.

Kilichotusuluhisha ni tarishi. Ujerumani mzigo ukija nawe hupo, tarishi humwachia jirani, na kwenye sanduku lako la barua anaweka kikaratasi chenye jina la aliyepokea. Sasa wewe utake usitake utabisha mlango wa watu. Alipokea mizigo yangu, nikapokea yake, na kila mara tukasimama mlangoni dakika moja zaidi. Hivi sasa ufunguo wangu wa akiba uko kwake. Sahani bado anazirudisha tupu.

Ushauri wangu: agiza vitu vidogo vidogo kwa posta mwaka wa kwanza.

Makaratasi ya mwanzo ni yapi?

La kwanza ni Anmeldung, yaani kujiandikisha kwamba unakaa anwani fulani. Sheria inakupa wiki mbili tangu kuhamia, na unahitaji karatasi ya mwenye nyumba inayothibitisha umeingia. Bila Anmeldung huna namba ya kodi ya mapato, na benki nyingi zitakuzungusha.

Hapo utaulizwa dini. Wakristo, sikizeni, hasa nyinyi wa Kisauni na Changamwe mnaoniuliza: ukijiandika Mkatoliki au Mprotestanti wa kanisa lao, utakatwa kodi ya kanisa, katika jimbo letu asilimia 9 ya ile kodi ya mapato unayolipa. Si dhambi kulipa wala si wizi, ni vile tu ujue kabla, usije ukashangaa ukiona hati ya mshahara.

Bima ya afya ni lazima. Na baada ya wiki chache itakujia barua ya ada ya redio na televisheni ya umma, euro 18.36 kwa mwezi kwa kila nyumba, uwe na televisheni au usiwe nayo. Wengi wetu tumeitupa ile barua tukidhani ni tangazo. Usiitupe. Usitupe barua yoyote ile. Nunua faili.

Nyumba zao zikoje?

Kuna kodi baridi na kodi moto, ndivyo waziitavyo. Baridi ni ya kuta tu. Moto ni pamoja na maji, takataka, na mara nyingi kupasha nyumba joto. Stima kwa kawaida unalipa mbali. Matangazo hupenda kuandika ile baridi kwa herufi kubwa. Amana inaweza kufika kodi baridi ya miezi mitatu.

Na usishangae ukipewa nyumba isiyo na jiko. Sizungumzii jiko la gesi kukosekana. Nasema hakuna sinki, hakuna kabati, hakuna taa, darini zinaning'inia nyaya. Aliyehama ameondoka navyo au anataka umnunulie. Mimi wiki ya kwanza niliosha vyombo bafuni.

Jambo jingine ni madirisha. Mwenye nyumba wangu alinieleza mara tatu, na mara ya nne akaniandikia: kila asubuhi na jioni fungua madirisha wazi kabisa dakika tano mpaka kumi, hata nje kukiwa na barafu, la sivyo ukuta utaota ukungu. Mtu wa Mombasa umezoea kwamba nyumba yapumua yenyewe. Kufungua dirisha Januari kwa hiari yangu ndicho kitu kilichonichukua muda mrefu kukikubali kuliko vyote, hata baiskeli.

Ni kweli kuna siku jua halitoki?

Latoka, lakini laja kwa kuchelewa na laondoka mapema. Hapa kwetu mwaka mzima jua halipishani sana na saa kumi na mbili, ndiyo maana saa ya Kiswahili inafanya kazi: jua likichomoza tunaanza kuhesabu. Münster mwezi wa Disemba jua hutoka saa mbili na nusu asubuhi na ushee, na magharibi huingia mnamo saa kumi na robo. Ukiwa na zamu ya asubuhi waenda gizani na warudi gizani, na jua wasikia lilikuwepo. Juni ni kinyume chake: jua latua karibu saa nne usiku, na mwanga haupotei kabisa hata usiku wa manane, hata watu wakawa wanashauriana isha waiswali saa ngapi.

Baridi yenyewe hununuliwa koti ikaisha. Giza halina koti. Toka nje mchana, hata kama ni robo saa, hata kama ni mawingu. Mvua yao si ya masika. Ni manyunyu ya kutwa, hayakuloweshi mara moja, yakupenya pole pole. Wenyeji wana msemo kwamba Münster ama kunanyesha ama kengele zinalia, na vikitokea vyote viwili basi ni Jumapili.

Swala je? Kibla wakijuaje?

Mombasa tumedekezwa. Makka iko kaskazini yetu karibu sawasawa, kiasi kwamba wazee wa pwani wakisema "upande wa kibla" wanamaanisha kaskazini. Nilipofika nikatandika mkeka kuelekea kaskazini kwa mazoea, siku tatu, mpaka nikacheka mwenyewe: kaskazini ya Münster ni Norwe. Huko kibla ni kusini-mashariki.

Misikiti ipo, mingi ni ya Waturuki, na hutuba yaweza kuwa kwa Kituruki. Kipaza sauti cha nje usitarajie. Ramadhani hurudi nyuma siku kama kumi na moja kila mwaka, kwa hivyo miaka hii imo majira ya baridi na mfungo ni mwepisi. Waliokuwepo 2015, ilipoangukia Juni na Julai, ndio wanaojua kufunga. Idi omba ruhusa mapema, bado miezi. Siku yenyewe ikibadilika kwa mwandamo, kumweleza msimamizi wa zamu kwamba twangoja mwezi ni kazi kuliko zamu.

Kwa nini kila mtu anasema "Termin, Termin"?

Termin ni miadi, na bila hiyo hupati daktari wa macho, hupati ofisi, pengine hata rafiki. Mimi rafiki yangu wa kwanza alinipa miadi ya kunywa kahawa baada ya wiki tatu, akaiandika. Nikadhani ananikwepa. Siku ilipofika alikuja dakika tano kabla, na simu ameizima.

Sasa mtego. Wajerumani wakisema "halb drei", neno kwa neno ni "nusu tatu". Mtu aliyesoma Kiingereza shuleni atadhani ni dakika thelathini baada ya saa tatu za Kizungu. La. Ni nusu kuelekea tatu, yaani mbili na nusu zao, ambayo kwetu sisi ni saa nane na nusu mchana. Na kichwani mwangu nina saa ya Kiswahili, kwa hivyo nikisikia tatu nageuza kwanza tatu ya nani. Miadi yangu ya kwanza ya kibali cha kukaa, katika ofisi nisiyotaka kuitaja, nilifika nimejipamba, dakika tano kabla ya muda, kumbe nimechelewa karibu saa nzima. Karani alitazama saa ya ukutani, akanitazama mimi, akafungua kalenda. Nilipewa nyingine baada ya wiki saba. Tangu siku hiyo naandika saa kwa tarakimu, namwonyesha mtu, naye atikise kichwa.

Na kumbukeni mnaponipigia: wao wako nyuma yetu saa mbili majira ya baridi na saa moja majira ya joto. Khalati, ukinipigia alfajiri ukimaliza kuswali, mimi huko ni usiku.

Chakula?

Huwezi kufa njaa. Tui la kopo lipo kila supamaketi. Muhogo, bamia na nazi ya kukunwa vipo barafuni kwenye maduka ya Waasia. Nyama ya halali kwa Waturuki. Jumatano na Jumamosi kuna soko la wazi mbele ya kanisa kuu, na hapo ndipo pekee Münster niliposikia muuzaji akinadi bidhaa kwa sauti. Nilikwenda mara ya pili kwa ajili ya zile kelele tu, sikununua kitu. Mbuzi ya kukunia nazi usibebe, uzito wa bure. Chupa za plastiki na makopo usitupe, rudisha mashine ya dukani upate mara nyingi senti 25 kwa kila moja.

Ati hata wewe wapanda baiskeli?

Ndio, na buibui langu. Cheka umalize.

Münster baiskeli ni nyingi kuliko watu. Mawakili, mapadri, wajawazito, wote. Mahali palipokuwa na ukuta wa mji pamegeuzwa njia ya duara iitwayo Promenade, kilomita nne na nusu, miti pande zote mbili, gari haziingii. Baiskeli yenyewe wana jina lake la mtaani, Leeze, la lugha ya vichochoroni ya zamani iitwayo Masematte, na siku nilipolitamka kazini wazee walipiga makofi.

Nilijifunza nikiwa na miaka thelathini na mmoja, Jumapili jioni, kwenye uwanja wa kuegesha magari wa duka lililofungwa. Mwalimu wangu alikuwa binti wa Kisyria wa miaka kumi na mbili. Alinishika kiti nyuma, akakimbia nami, na alipoachia hakuniambia. Nilianguka mara mbili, mara ya pili ndani ya michongoma. Nikashona buibui langu upya, nyembamba chini, mikono imebana, nikaziba mnyororo.

Yajue haya: upande ni wa kulia, si kushoto kama kwetu. Taa za mbele na nyuma ziwake, polisi husimamisha baiskeli na kutoza faini kama gari. Funga kwa kufuli nzito kwenye chuma kilichochimbiwa chini, maana mji huu mtulivu wizi wake mkuu ni huo; mimi nimeibiwa moja mbele ya mlango wangu. Na wenye leseni ya gari ya Kenya: huko inatumika miezi sita tangu uanze kukaa. Baada ya hapo ni mtihani wa maandishi na wa barabarani.

Kijerumani cha ufuoni kitanitosha?

Vijana wa baraza, hili ni lenu. Mmejifunza kwa watalii Diani na Bamburi, na matamshi yenu ni mazuri kuliko yangu, nasema kweli. Lakini mnamwita kila mtu "du", yaani "wewe" ya mtu mliyezoeana. Mkubwa, mgonjwa, karani, ni "Sie", "wewe" ya heshima, mpaka yeye mwenyewe akuruhusu. Mtu aliyelelewa kushika adabu za wakubwa hawezi kushindwa na hilo.

Kwa uuguzi, ili cheti chako kitambuliwe rasmi, wanataka Kijerumani cha kiwango cha B2, ngazi ya nne kati ya sita. Mpaka utambuliwe unafanya kazi kama msaidizi. Hata na B2 yangu mkononi, mgonjwa wangu wa kwanza alikuwa mzee wa shamba aliyesema lahaja ya kule, Platt, na sikupata hata neno. Nikamshika mkono, nikatikisa kichwa. Akaridhika.

Wakala anataka pesa ya mbele. Nimpe?

Hakikisha kwanza amesajiliwa na Mamlaka ya Taifa ya Ajira, usome mkataba wenyewe, umwulize mwajiri moja kwa moja. Viza huombwa kupitia ubalozi wa Ujerumani, Nairobi. Kenya na Ujerumani zilitia saini makubaliano ya uhamiaji Septemba 2024 mjini Berlin, na tangu hapo kila kona kuna mtu anayesema ana "nafasi za serikali". Makubaliano hayo hayakumpa mtu yeyote wa barabarani nafasi za kuuza.

Upweke uliutoaje?

Sikuutoa. Niliupangia saa, kama wao wanavyopanga kila kitu.

Mgonjwa wangu mmoja alinisimulia kisa ambacho nilidhani ni dawa zinamsemesha, kumbe ni kweli na mji mzima wakijua. Mwaka 2006 kwenye ziwa lao, Aasee, palikuwa na bata maji mweusi jike, wakamwita Petra. Alipenda mashua ya kukanyaga kwa miguu iliyotengenezwa kwa umbo la bata maji mweupe. Mashua ya watalii, ya plastiki. Haendi popote bila yake, akiizunguka, akiilinda. Majira ya baridi yalipofika wakaona hawatengani, wakawachukua wote wawili, ndege na mashua, wakawalaza bustani ya wanyama. Yule mgonjwa alicheka mpaka mashine ikalia. Mimi nilikwenda choo cha wafanyakazi nikalia, maana jioni ile nilikuwa nimezungumza na redio.

Baada ya hapo nikachagua mahali pawili pa kwenda bila kukosa. Jumatatu jioni maktaba ya mji, jumba la 1993 lenye nyumba mbili na kichochoro katikati. Nilikaa meza ile ile, na baada ya wiki ya tano bwana wa meza ya pili akaanza kuniinamishia kichwa. Jumamosi soko. Mji kama ule haukukaribishi siku moja. Wakuzoea. Ukibadilisha saa na mahali, kila siku wewe ni mgeni mpya.

Na kuna pembe. Juu ya ule mnara wa vizimba kuna mlinzi wa mnara, kazi iliyotajwa kwenye maandishi tangu 1383. Zamani alitazama moto na maadui, na tangu 2014 aliyepo ni mwanamke, wa kwanza. Kila nusu saa, kuanzia saa tatu usiku mpaka saa sita, hupiga pembe kuelekea pande za mji. Jumanne hapigi. Sauti ni nzito, haina madoido, kama meli iliyo mbali ikiingia Kilindini. Nilihama chumba changu cha kwanza nikatafuta kingine karibu na katikati ya mji, na sikumwambia mtu sababu.

Mwapata pesa nyingi, si ndio?

Twapata za kutosha huko na twaonekana nazo huku. Kodi ya mapato, bima, pensheni hukatwa kabla hujaziona, kisha nyumba. Kinachobaki ndicho mnachokiona Mpesa, na mara nyingine hakibaki.

Ukija Mombasa sasa wajisikiaje?

Siku mbili za kwanza nasalimiwa mpaka sauti inanikauka. Narudi Ngome ya Yesu kwa miguu, robo saa ya njia nachukua saa nzima. Mtu wa kahawa akipita agonga vikombe vyake nasimama tu nimsikilize.

Usiku ndio shida. Juzi palikuwa na harusi mtaa wa pili, ngoma mpaka saa saba, kisha boda, kisha paka, na nikajikuta nimeinuka, nimekwenda dirishani, nimelifunga na komeo. Mama, aliyelala chumba cha pili na mlango wazi, akaita gizani:

"Wafunga dirisha la nini?"

"Kelele, mama."

"Kelele gani? Fungua, mwanangu. Nyumba itaota ukungu."